Amboseli Haitaokolewa Getini

Tangu Rais William Ruto atangaze mwaka 2023 kwamba mbuga ya Amboseli itarejeshwa mikononi mwa Kaunti ya Kajiado, mjadala umekuwa wa geti. Nani ataketi kwenye kibanda cha tiketi? Dola za mgeni zitaingia akaunti ya Nairobi au ya Kajiado? Wanaoshangilia wanasema mali imerudi kwa mwenyewe. Wanaolalamika wanasema mbuga imetupwa kwa wanasiasa na muda si mrefu itakuwa viwanja. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombania sehemu ndogo ya jambo lenyewe. Mbuga ya Amboseli ina kilomita za mraba 392 tu. Uhai wake umo katika ardhi inayoizunguka, ardhi ya jamii na ya watu binafsi, na mamlaka ya kuipangia ardhi hiyo matumizi kaunti imekuwa nayo tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, miaka 10 kabla ya kuahidiwa geti. Mamlaka hayo hutumika, au huachwa bila kutumika, katika kamati: kamati za bunge la kaunti, kamati za mipango ya ardhi, kamati ya fidia ya wanyamapori. Huko ndiko Amboseli itakakopona au kufia, na huko ndiko macho ya watu hayajafika.

Anayedhani jambo hili ni jipya na atazame miaka 60 iliyopita. Mwaka 1961, kabla ya uhuru, Amboseli ilikabidhiwa baraza la wilaya la Kajiado, na baraza likawa linapokea pesa za watalii huku ng'ombe wakiendelea kunywa maji kwenye vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye. Mwaka 1974 serikali ya Jomo Kenyatta ikaitangaza mbuga ya kitaifa. Wafugaji waliahidiwa kwamba wakiviacha vinamasi watapelekewa maji ya bomba nje ya mipaka. Bomba likajengwa, likafanya kazi kwa muda, kisha likalemaa, na mifugo ikarudi kwenye vinamasi kwa sababu ng'ombe hanywi ahadi. Mwaka 2005, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi ya katiba, serikali ya Mwai Kibaki ikaishusha hadhi ili iende kwa baraza la kaunti la Olkejuado. Mashirika ya uhifadhi yakaenda mahakamani na hatua hiyo ikaja kubatilishwa. Kila mara swali lilikuwa lile lile la nani ashike mbuga, na kila mara ardhi ya nje ikaachwa ijiendee.

Na ardhi hiyo ya nje ndiyo yenye kazi kubwa. Amboseli haina mto wa kudumu. Vinamasi vyake vinalishwa na maji yanayopenya ardhini kutoka Kilimanjaro na kuibukia bondeni, ndiyo maana wakati wa kiangazi wanyama hujazana humo hadi mtu akadhani ndipo wanapoishi mwaka mzima. Mvua ikinyesha hutawanyika. Huelekea Olgulului, Eselenkei, Kimana, Mbirikani, hupanda mpaka Vilima vya Chyulu na Tsavo Magharibi, na kupitia Kitenden huvuka kuingia Tanzania. Tembo wapatao 2,000 wa ikolojia hii hawawezi kushiba ndani ya kilomita za mraba 392. Tim, yule dume mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi, aliyefariki Februari 2020 akiwa na umri wa takriban miaka 50, alivishwa kola ya satelaiti mwaka 2016 kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuingia mashambani nje ya mbuga, na walinzi walitaka kujua yuko wapi kabla mwenye shamba hajamfikia kwa mkuki. Tembo maarufu kuliko wote wa Amboseli alihitaji kulindwa hasa alipokuwa nje ya Amboseli.

Huko nje mambo yamebadilika kwa kasi. Ranchi za kikundi, yaani ardhi ambayo wafugaji waliimiliki kwa pamoja, zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968, zimekuwa zikigawanywa, na familia moja moja kupewa hatimiliki yake. Siwalaumu wanaogawana. Kijana aliyeona viongozi wa ranchi wakiuza ekari za wote kwa siri ana haki ya kutaka kipande chenye jina lake. Lakini kila hatimiliki inaleta maamuzi yake: kuuza, kukodisha, kuchimba kisima, kulima nyanya, kuzungushia seng'enge. Mwaka 2020 shamba la maparachichi la ekari 180 lilianzishwa karibu na Kimana, na ua wake ukawekwa kwenye eneo ambalo tembo hupita. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ililipatia shamba hilo idhini kisha ikarudi kuisitisha baada ya wenyeji na wahifadhi kupiga kelele, na mvutano ukahamia mbele ya mawakili. Tazama ugomvi ule ulihusu nini. Geti halikutajwa. Suala lilikuwa badiliko la matumizi ya ardhi, na chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 idhini ya maendeleo ya namna hiyo hupitia kwa kaunti. Shamba kama lile linazuiwa au kuruhusiwa na watu wachache waliokaa kuzunguka meza Kajiado wakiwa na ramani mbele yao, kama ramani ipo.

Atakayesema natia chumvi namkumbusha Kitengela, ambayo iko katika kaunti hii hii. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, imekuwa chini ya serikali kuu siku zote. Haijawahi kuguswa na baraza la wilaya wala gavana. Hata hivyo msafara wa nyumbu waliokuwa wakitoka humo kwa makumi ya maelfu kwenda nyanda za Athi na Kaputiei umekwisha, wamebaki wachache wa kuhesabika, kwa sababu Kitengela iliuzwa robo ekari kwa robo ekari mpaka ikawa mji. Walinzi wa serikali kuu walifanya kazi yao ndani ya mipaka. Nje ya mipaka hawakuwa na la kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 katika muda wa takriban miaka 40, na katika miaka hiyo mamlaka juu ya wanyama ilikuwa Nairobi. Kwa hiyo wanaosema Amboseli iko salama mradi ibaki chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wanahitaji kueleza kwa nini Kitengela haikusalimika.

Sisemi hoja zao zote ni dhaifu. Mbili zina uzito. Ya kwanza ni ya pesa: mbuga nyingi za KWS hazijilishi, na zile chache zinazojaza wageni, Amboseli ikiwemo, ndizo zinazolipia mishahara ya askari na mafuta ya magari katika mbuga ambazo mtalii haziwezi kumvutia. Ukiondoa Amboseli kwenye mfuko huo bila kuziba pengo, anayeumia ni kifaru au pundamilia wa kaunti nyingine kabisa. Bunge la kitaifa lina wajibu wa kulijaza pengo hilo kwa fungu la bajeti, na sijaona likizungumziwa kwa uzito unaostahili. Ya pili ni ya mpaka. Tangu Septemba 2023 madume kadhaa wa Amboseli wenye pembe kubwa wamepigwa risasi kwa leseni za uwindaji upande wa Tanzania. Gavana wa Kajiado hawezi kwenda Dodoma kuzungumza mkataba, hiyo ni kazi ya serikali kuu. Kwa bahati nzuri Kifungu cha 187 cha Katiba, kinachoruhusu ngazi moja ya serikali kuihamishia nyingine majukumu kwa makubaliano, kinasema pia kwamba wajibu wa kikatiba hubaki kwa ngazi iliyopewa jukumu hilo. Nairobi ikikabidhi Amboseli haijanawa mikono.

Hoja ya ufisadi ndiyo inayotajwa zaidi, na watu huishia kutaja Narok, kaunti yenye hifadhi ya Maasai Mara. Ni kweli kuwa Narok ina mengi ya kujibu. Kwa miaka mingi baraza lake lilitenga asilimia 19 ya mapato ya Maasai Mara kwa ranchi zilizopakana na hifadhi, na malalamiko hayakuwahi kwisha kwamba pesa hizo zilinaswa na viongozi wa ranchi kabla hazijafika bomani. Agosti 2025 kambi ya kifahari ilifunguliwa kando ya Mto Sand wakati mpango wa usimamizi wa Mara wa 2023 hadi 2032 unapinga malazi mapya. Walalamishi wakaenda mahakamani wakisema imejengwa kwenye njia ya nyumbu, kaunti ikasema kila kitu kilifuata sheria. Sina haja ya kuamua nani mkweli. Mzozo wa aina ile ulipaswa kumalizwa kwenye kamati, hati zikiwa wazi, kabla ya hema la kwanza kusimikwa. Lakini katika Mara hiyo hiyo kuna Pembetatu ya Mara, kilomita za mraba 510 magharibi ya mto, ambayo tangu 2001 inaendeshwa kwa mkataba na shirika lisilo la faida kwa niaba ya serikali ya mitaa, na ripoti za kazi zake hutolewa hadharani kila mwezi: majangili waliokamatwa, mitego iliyonasuliwa, pesa zilizoingia na zilizotoka. Hifadhi ni moja, utawala wa mitaa ni ule ule, matokeo ni tofauti. Tofauti inatokana na mkataba na hesabu zinazoonekana.

Hoja dhaifu kuliko zote iko upande wa wanaoshangilia, nayo inasemwa kwa hisia kubwa kiasi kwamba wengi wanaogopa kuigusa. Inasema Wamaasai wameishi na wanyama tangu zama za mababu, kwa hiyo kaunti ya Wamaasai itawalinda bila kufundishwa. Naheshimu historia hiyo kuliko wanaoitumia jukwaani. Wanyama walisalia katika ardhi ya Wamaasai kwa sababu palikuwa na utaratibu uliosimamiwa: malisho ya kiangazi yalifungwa na wazee mpaka muda wake ufike, pembezoni mwa boma palitengwa nyasi za ndama, na aliyevunja mpangilio alitozwa faini ya mifugo. Utaratibu ule ulitegemea ardhi isiyo na ua na wazee wenye sauti. Serikali ya kaunti haikurithi chochote kati ya hivyo. Imerithi ofisi, mihuri na bajeti. Isitoshe, bunge la kaunti si baraza la wazee wa Amboseli. Kajiado ina wadi 25. Eneo bunge la Kajiado Kusini, ambako tembo analala mlangoni mwa mtu, lina wadi 5: Entonet/Lenkism, Mbirikani/Eselenkei, Kuku, Rombo na Kimana. Wawakilishi wadi wa Ongata Rongai, Ngong na Kitengela wana wapiga kura wanaodai barabara, maji taka na soko, na wana haki ya kuyadai. Siku bajeti itakapopigiwa kura, wadi 5 haziwezi kushinda wadi 20. Sioni ubaya wa mtu yeyote hapo, ni hesabu tu, na hakuna wimbo wa utamaduni utakaoibadilisha.

Hesabu hiyo inabadilishwa na sheria pekee. Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa kwa sheria. Maana yake ni kwamba dola ya mtalii ikifika Kajiado bila mpango mwingine, inachanganyika na ada ya maegesho ya Rongai na kibali cha duka la Kitengela, kisha inagombaniwa na mishahara na madeni ya wanakandarasi. Kufikia Februari askari wa doria hana mafuta. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kaunti kuunda mfuko maalum kwa idhini ya bunge lake. Huo ndio mswada ambao kamati inayosimamia utalii na mazingira ingepaswa kuupigania kuliko kitu kingine chochote: mfuko wa Amboseli wenye viwango vilivyoandikwa kwenye sheria yenyewe. Sehemu iende kwa uendeshaji wa mbuga, na sehemu iende moja kwa moja kwa wenye hatimiliki wanaokubali kuiacha ardhi yao wazi kwenye mapito ya wanyama. Mashirika ya uhifadhi yamekuwa yakikodi ardhi ya namna hiyo kwa miaka kadhaa kwa pesa za wafadhili, na kila mfadhili anapochoka mwenye ardhi anabaki na seng'enge mkononi akijiuliza asubiri nini. Kodi inayotoka getini kila mwaka ingemwekea jirani wa tembo sababu ya kudumu. Hapo ndipo geti lina maana, kwa kile linacholipia nje yake.

Ipo kamati nyingine ambayo haipewi hata aya moja katika mjadala huu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliunda katika kila kaunti kamati ya jamii ya uhifadhi na fidia, inayopokea madai ya waliouawa, kujeruhiwa au kuharibiwa mali na wanyamapori. Sheria hiyo iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa maisha ya mtu. Kila anayeishi Kajiado Kusini anajua madai hukaa miaka. Mwezi Mei 2023 simba dume aitwaye Loonkiito, mwenye umri wa miaka 19, mmoja wa simba wakongwe zaidi waliojulikana, aliingia boma la mifugo Olkelunyiet akitafuta chakula na akauawa kwa mikuki. Siku hizo hizo simba wengine 6 waliuawa Mbirikani baada ya kuua mbuzi. Dunia iliomboleza simba. Mwenye mbuzi alikuwa ametoka kwenye ukame mkali wa 2022 uliommalizia ng'ombe, na mbuzi wale ndio waliokuwa wamebaki. Mtu huyo akiwa na hakika kwamba kamati itakaa mwezi ujao, itamwita, itamlipa thamani ya mbuzi wake kabla ya kiangazi kingine, mkuki una nafasi ya kubaki ukutani. Kaunti inayotaka kusimamia Amboseli ianze kwa kuhakikisha kamati hii inakutana, ina katibu, ina rejista ya madai inayoweza kusomwa na mlalamishi mwenyewe.

Upande wa utamaduni nao umeachwa uwe pambo. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti utalii wa ndani, shughuli za utamaduni na majumba ya makumbusho, lakini kamati inayoshughulikia hayo huonekana zaidi siku za tamasha. Nenda kwenye manyatta za watalii karibu na mbuga uone. Wageni wanapokelewa kwa ngoma, wanaonyeshwa moto wa kupekecha, wanawake wanatandaza shanga chini kwenye vumbi, na dereva aliyewaleta anachukua sehemu kubwa ya kiingilio kabla mama mmoja hajapata senti. Sheria ndogo ya kaunti inayotaka kiingilio kilipwe pamoja na tiketi ya mbuga ingeumaliza unyonyaji huo ndani ya msimu mmoja. Na kuna urithi mzito kuliko shanga: njia za zamani za ng'ombe kwenda majini, chemchemi, sehemu za kufanyia sherehe za rika, malisho yaliyokuwa yakifungwa. Nyingi ya njia hizo ndizo hizo hizo anazopita tembo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi, na Amboseli ina mpango wake wa ikolojia wa 2020 hadi 2030. Wazee waitwe wachore njia hizo, zitiwe kwenye ramani ya kaunti, zipitishwe na bunge ziwe na nguvu ya sheria. Mzee anayejua alikonyweshea ng'ombe wa baba yake mwaka 1970 ni mtaalamu wa mipango ambaye kaunti haimlipi.

Wengi watasema vikao vya ushirikishwaji wa umma tayari vipo. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo. Hati yenye kurasa nyingi kwa Kiingereza inagawiwa asubuhi ile ile, mzee anayezungumza Kimaa anaigeuza juu chini, karatasi ya mahudhurio inazungushwa na watu wanatia sahihi, halafu sahihi hizo zinakwenda kuambatishwa kama ushahidi kwamba jamii imekubali. Hati itafsiriwe, itolewe wiki kadhaa kabla, isomwe kwa sauti kwenye mikutano ya vijijini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kesi moja mahakamani, na Amboseli imeshagharimu kesi za kutosha.

Kuna muda wa kuyafanya haya, na una tarehe. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30, na kamati ya bajeti inatakiwa kusikiliza wananchi kabla ya kuyapitisha. Mkazi wa Kimana au Lenkism atakayehudhuria asikubali kuonyeshwa jumla ya mapato ya geti na kupigiwa makofi. Aulize fungu la kukodi ardhi ya mapito liko ukurasa gani, ni shilingi ngapi, na linalindwa na sheria ipi ya kaunti. Aulize kamati ya fidia ilikutana lini mara ya mwisho na madai mangapi yamelipwa. Mwakilishi wa Rongai akiwa chumbani humo, na aulizwe naye, kwa sababu kura yake ndiyo itakayoamua.